Brunel: Mvumbuzi aliyezidiwa na madeni

Fulana isiyo na mshono ubavuni imetoka kwenye mashine inayofuma kwa kuzunguka. Mashine ya namna hiyo ilipewa hataza Uingereza mwaka 1816. Mwenyewe alikuwa Marc Isambard Brunel, mhandisi aliyezaliwa Hacqueville, Ufaransa, mwaka 1769, akakimbia mapinduzi mwaka 1793.

Sindano alizipanga duara, uzi ukafanya vitanzi mzunguko baada ya mzunguko, na kitambaa kikashuka kama mfuko usio na kitako. Mashine za leo zinaweza kuongeza uzi wa urembo, hata mnene au wenye mafundo. Uzi huo haufanyi vitanzi. Hulazwa mbele ya sindano hii na nyuma ya ile, kisha vitanzi vya kitambaa huubana.

Kipaji Brunel alikuwa nacho. Soko ndilo lililomwangusha. Alitengeneza viatu vya askari kwa mashine, mteja wake akiwa serikali. Vita vilipokwisha mwaka 1815 serikali ikaacha kununua, akabaki na shehena ya viatu. Kiwanda chake cha mbao, Battersea, kilikuwa kimeungua mwaka 1814. Mashine ya kufuma nayo haikuziba pengo.

Mei 1821 alifungwa kwa madeni, mkewe Sophia akaishi naye gerezani. Alipoanza kutafuta kazi kwa mfalme wa Urusi, serikali, mteja yule yule, ikatoa pauni 5,000. Akatoka Agosti.

Njia yake iliyopita chini ya mto Thames, London, ilifunguliwa mwaka 1843. Alifariki mwaka 1849. Treni bado zinapita humo.