APOLO KIVEBULAYA WA MBOGA

Msafiri atokaye Fort Portal kwenda upande wa magharibi huuzunguka mlima wa Ruwenzori penye ncha yake ya kaskazini, kisha huteremka katika bonde kubwa lenye joto, ambamo mto Semliki hupita ukienda kumwaga maji yake katika Ziwa Albert. Akiisha kuvuka mto huo huwa amekwisha ingia Kongo. Mbele yake vilima vimesimama kama ukuta, na juu ya vilima hivyo iko nchi nzuri ya malisho, nchi ya Wahema, iitwayo Mboga. Siku hizi jina lake huandikwa Boga. Nyuma ya Mboga huanza msitu mkubwa wa Ituri. Mwezi wa Desemba mwaka 1896, Mganda mmoja, mtu wa miaka 32 hivi, aliipanda njia ile akiwa na vitabu vya Injili na jembe.

Jembe hilo lina maana yake, nasi tutalirudia. Kwanza tumjue mwenye jembe.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Waswa, kwa kuwa alizaliwa pacha, na Waganda humwita hivyo pacha wa kiume aliyetangulia kutoka. Alizaliwa mnamo mwaka 1864. Alipokuwa kijana Buganda ilikuwa nchi ya ghasia nyingi. Kabaka Mutesa alikufa mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akashika ufalme; na kila msomaji wa Uganda ajua jinsi vijana Wakristo walivyochomwa moto pale Namugongo mwaka 1886. Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe alifukuzwa katika kiti chake, na tangu hapo dini zikawa vyama vya vita. Waislamu walikuwa na bunduki zao, Waprotestanti zao, na Wakatoliki zao. Waswa alikuwa amekwisha kumsikia Bwana Alexander Mackay, yule fundi Mskoti aliyefundisha dini na useremala pamoja, lakini maneno yale yalikuwa bado hayajazama. Alipigana upande wa Waislamu kwa muda, kisha akawaacha, akaenda kujiunga na Wakristo waliokuwa wamekimbilia Ankole. Mwaka 1891 alikwenda mpaka Toro katika safari ya Kapteni Lugard, Kasagama aliporudishwa katika ufalme wake.

Napenda tuikumbuke miaka hiyo, maana watu wengi wakisimulia habari za Apolo huiruka upesi ili wafike kwenye utakatifu wake. Neno la kwanza alilojifunza Waswa juu ya ushindi wa Wakristo lilikuwa ni ushindi wa bunduki. Wakristo walishinda, wakagawana vyeo na mashamba. Kisha tarehe 24 Januari 1892 Wakristo kwa Wakristo wakapigana penye kilima cha Mengo, nyumba zikateketea na watu wakafa. Kama huo ndio ushindi juu ya uovu, basi uovu haukupata hasara kubwa siku ile.

Waswa alirudi kwao, akajifunza kusoma kwa bidii, na mwezi wa Januari mwaka 1895 akabatizwa kwa jina la Apolo. Baada ya muda si mrefu alijitoa kwenda Toro kuwa mwalimu. Jina la Kivebulaya alilipata kwa sababu ya koti jekundu la askari alilopenda kulivaa. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Lilikuwa jina la utani tu, lakini likamshika mpaka kaburini. Lina mzaha ndani yake pia, maana Injili ya Mboga haikuletwa kwanza na mtu wa Ulaya. Ililetwa na Waganda waliokwenda kwa miguu.

Sasa turudi kwenye jembe. Kabla ya Apolo kufika, walimu Waganda wengine walikuwa wamekwisha tumwa Mboga, wakashindwa. Hawakushindwa kwa vita wala kwa maradhi. Chifu Tabaro alikataza watu wasiwape chakula, nao walimu wakaona njaa, wakaondoka. Ilikuwa hila nyepesi sana, kwa kuwa mwalimu wa siku zile alitazamia kulishwa na wenyeji, na kazi ya kulima hakuihesabu kuwa kazi yake. Apolo alisikia habari hizo mapema. Kwa hiyo alipofika alilima. Alipanda chakula chake mwenyewe mbele ya macho ya watu, naye Tabaro akakosa silaha yake ya kwanza.

Lakini neno lenyewe alilolileta lilikuwa gumu kuliko jembe. Watu wa Mboga, kama jamaa zao wa Bunyoro na Toro, waliishi katika hofu ya pepo na mizimu. Mtoto akiugua, ng'ombe akitupa mimba, mvua ikikawia, lazima aulizwe mganga ni pepo gani mwenye hasira, na ni kitu gani anachotaka: kuku, au mbuzi, au pombe. Akiisha kupewa, hutulia kidogo. Halafu huyo arudi, ama mwingine aje. Deni halikwisha. Wakristo husadiki kwamba Yesu Kristo aliposulubiwa alitoa nafsi yake kuwa sadaka moja inayotosha kwa watu wote na kwa siku zote, na kwamba alipofufuka siku ya tatu nguvu za mauti na za giza zilikuwa zimevunjwa. Kwa mtu wa mjini aliyezaliwa Mkristo pengine maneno hayo yamekuwa kama wimbo alioukariri zamani. Kwa mtu wa Mboga mwaka 1897 yalikuwa habari ya mbuzi wake. Ama deni limelipwa, ama halijalipwa. Kama limelipwa, hirizi shingoni mwa mtoto haina kazi tena, na mganga naye hana kazi.

Wako waliosadiki, wakaacha hirizi. Apolo naye hakuwa mtu wa maneno laini: alikemea ulevi, alikemea na wake wengi, mambo ambayo chifu aliyaona kuwa ni heshima ya ukubwa wake. Kwa hiyo Tabaro alikasirika kweli kweli. Apolo alipigwa vibaya na watu wa chifu, na nyumba yake ikachomwa moto. Wasomaji wake nao walipata taabu.

Ndipo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Siku za kujenga, dada wa Tabaro aliangukia mkuki uliofichwa na nyasi, akafa. Lilikuwa ajali, lakini Tabaro alimshitaki Apolo kuwa ndiye aliyemwua. Akafungwa, akapelekwa ng'ambo ya Semliki kwa Waingereza waliokuwa na boma lao Kabarole, mji uitwao sasa Fort Portal, akatiwa gerezani katika minyororo. Fikiri hali yake. Koti jekundu halina fahari hapo. Kanisa lake limebaki bila mchungaji. Mshitaki wake ni mkuu wa nchi, na aliyekufa ni wa ukoo wa mkuu huyo. Waliopata kumcheka walimu wenye njaa sasa waliweza kusema kwamba pepo wa Mboga wamejilipiza kisasi.

Katika taabu zile, Apolo alisimulia baadaye, Yesu Kristo alimtokea usiku, aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo kwa kuwa alikuwa pamoja naye. Yeye hakulifanya jambo hilo kuwa la kujisifia. Msomaji asiyesadiki maono aweza kulieleza apendavyo. Mimi naona la kuangalia zaidi ni kile ambacho Apolo hakuahidiwa. Hakuahidiwa kwamba minyororo itakatika usiku ule, wala kwamba Tabaro ataadhibiwa. Minyororo ilibaki mahali pake mpaka asubuhi, na siku nyingine baada ya hiyo. Aliyemtokea alikuwa amepata kufungwa pia, akashitakiwa kwa uongo, akauawa na watu wenye mamlaka. Naye hakushinda kwa kuwatoroka bali kwa kuyapitia yote mpaka mwisho. Yule askari wa zamani, aliyejua kila namna ya ushindi wa bunduki, alionyeshwa hapo ushindi wa namna nyingine.

Mwishowe iliaminiwa kwamba hana hatia, akafunguliwa. Sasa alikuwa na njia mbili. Aliweza kukaa Toro, penye kanisa kubwa na mfalme Mkristo, maana Kasagama alikuwa amebatizwa mwaka 1896. Hakuna ambaye angemlaumu. Au aliweza kumshitaki Tabaro naye, kwa kuwa hoja sasa ilikuwa yake. Apolo alivuka Semliki tena, akapanda vilima, akarudi Mboga kwa mtu aliyemtia gerezani, wala hakudai kitu.

Jambo hili ndilo lililomshinda Tabaro. Kupigwa na kuchomewa nyumba na kufungwa ni mambo ambayo chifu yeyote wa zamani zile aliyaelewa, na alijua kwamba mtu akipatwa nayo humwogopa mkuu ama hutafuta kulipiza kisasi. Mtu aliyerudi bila hofu na bila kisasi hakuwa na mahali katika hesabu zake. Tabaro alikuja kuomba mafundisho. Akabatizwa, akapewa jina la Paulo, na jina hilo lilifaa sana, maana Mtume Paulo naye alianza kwa kuwatesa Wakristo. Lakini tusidhani ya kuwa watu wa Mboga waliacha mambo ya kale yote kwa siku moja. Kazi ya Apolo iliendelea zaidi ya miaka 30, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuwafundisha tena wale aliokwisha kuwafundisha.

Miaka iliyofuata naipita upesi. Mwezi wa Desemba mwaka 1900 alifanywa shemasi, na mwaka 1903 kasisi. Alitumika miaka mingi katika Toro, akijenga makanisa na kufundisha walimu. Kwa mapatano ya mwaka 1910 baina ya serikali za Ulaya, Mboga iliwekwa upande wa Wabelgiji. Watu waliokuwa na jamaa ng'ambo zote mbili za mto wakaambiwa kwamba sasa ni watu wa nchi mbili. Mnamo mwaka 1915 Apolo alirudi Mboga kukaa, na kuanzia hapo hakuwa na makao mengine.

Sasa aliugeukia msitu. Ndani yake waliishi Wambuti, watu wafupi wa kimo wawindao kwa pinde na nyavu, ambao majirani waliwaita Mbilikimo na kuwadharau sana, wengine wakiwahesabu karibu na wanyama. Kuanzia mwaka 1921 Apolo, ambaye umri wake ulikuwa unakaribia miaka 60, aliingia mwituni kuwatafuta. Alikaa katika kambi zao, akajifunza maneno yao, na Injili ya Marko ikafasiriwa katika lugha yao. Si jambo dogo. Mganda wa siku zake, aliyelelewa katika nchi iliyojivunia Kabaka na ustaarabu wake, aliketi chini katika kibanda cha majani kufundishwa na mwindaji jinsi ya kutaja vitu. Kama sadaka ya Kristo ilitolewa kwa watu wote, ilikuwa lazima mtu wa mwituni aambiwe kwa maneno ya mwituni. Mwaka 1922 alipewa cheo cha Kanoni wa Namirembe, cheo kikubwa. Lakini hakikumtoa katika msitu.

Hakuwa na mke katika miaka yake ya kazi. Nyumba yake ilijaa vijana aliowalea na kuwafundisha, nao wengine wakawa walimu baada yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1933 moyo wake ulikuwa umechoka. Akapelekwa hospitali ya Mengo, huko Kampala. Alipofahamu kwamba hatapona, aliomba arudishwe Mboga. Safari ilikuwa ndefu na ya taabu kwa mgonjwa, walakini alifika, naye akafa huko tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza jambo moja juu ya mazishi yake. Kinyume cha desturi, alitaka kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, ambako neno lilikuwa bado halijafika. Wakafanya hivyo.

Mwaka 1972 iliwekwa dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika nchi ile, iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati huo, na makao yake yakawa hapo hapo Boga. Tarehe 30 Mei hukumbukwa kila mwaka kuwa siku ya Apolo, katika Uganda, katika Kongo, na hata katika kalenda ya Kanisa la Uingereza. Yampasa mtu aandikaye leo kusema na jambo jingine la tarehe hiyo. Usiku wa 30 kuamkia 31 Mei mwaka 2021 watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi, wakaua watu zaidi ya 50, na maelfu wakakimbia makwao. Maana yake ni kwamba wauaji walifika siku ile ile ya ukumbusho, katika nchi ile ile aliyoilima kwa jembe lake. Wakristo wa Boga hawakuambiwa na Apolo kwamba mambo kama hayo hayatatokea. Mwalimu wao wa kwanza alikuwa mtu wa makovu na minyororo. Waliwazika watu wao kwa ibada ile ile aliyowafundisha, na kwa jina la yule aliyesulubiwa.