Kamante, mpishi aliyekumbuka mchuzi kwa radi

Ukishuka Witeithie saa moja jioni, kabla hata hujavuka barabara, pua yako imeshafika kwa yule jamaa wa mutura. Tumbo linanguruma hata kama ulikula saa kumi. Sasa jiulize: hiyo ni njaa ama ni kumbukumbu? Swali hilo limenisumbua wiki nzima, na limenipeleka kwa mtu ambaye pengine umemwona kwenye filamu bila kujua kwamba aliishi kweli. Aliitwa Kamante Gatura.

Kamante alizaliwa takriban mwaka wa 1912. Watu wake walikuwa Wakikuyu walioishi kama maskwota kwenye shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, shamba la Mdenmark Karen Blixen aliyefika Kenya 1914. Walipokutana, Kamante alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, baba yake ameshafariki, mwili umekonda, miguu imejaa vidonda. Ukimtibu halii. Wenzake wakicheka, yeye hacheki. Karen alijaribu kumtibu akashindwa, akampeleka hospitali ya wamishonari wa Scotland kule Kikuyu. Alikaa huko miezi mitatu, akarudi siku ya Pasaka akiwa amepona, tena Mkristo.

Akapewa kazi ya kutunza mbwa, halafu kusaidia kutibu wagonjwa wa shambani, halafu jikoni. Mpishi mkubwa, Esa, alipofariki, kijana ndiye akashika mwiko. Na hapo ndipo maajabu yalipoanza. Kwa mapishi ya Kizungu, huyu jamaa alikuwa moto. Mashine ya kupiga mayai aliiweka kando akachukua kisu cha kung'olea magugu, na ute wa mayai ukapanda kama mawingu.

Kusoma hakujua. Kitabu cha mapishi kwake kilikuwa karatasi tu. Sasa aliwezaje kuweka kichwani sosi zote hizo za Wafaransa? Kila pishi alilitambua kwa jambo lililotokea siku aliyofundishwa. Mchuzi mmoja kwake ulikuwa wa ile siku radi ilipopiga mti. Mwingine ulikuwa wa siku farasi wa kijivu alipokufa. Kitu kimoja tu kilimshinda: chakula gani kitangulie mezani na kipi kifuate. Wageni wakija, Karen alilazimika kumchorea: sahani ya supu, kisha samaki, kisha ndege.

Wengi wakisoma hapo hucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ubongo wako unafanya vivyo hivyo. Unachokiona na unachokisikia hupitia kwanza kituo fulani katikati ya ubongo kabla ya kusambazwa. Harufu haipangi foleni hiyo. Inaingia karibu moja kwa moja hadi amigdala, sehemu inayoshughulika na hofu na hisia nyingine kali, na jirani yake hipokampasi, inayoshughulika na kumbukumbu. Ukishtuka au ukihuzunika, amigdala inamwambia jirani aandike kwa wino mzito. Radi ilipopiga, Kamante alikuwa anakoroga mchuzi. Vyote viwili vikaandikwa ukurasa mmoja.

Mimi pia nina ukurasa wangu. Siku niliyotoka chuo kwa mara ya mwisho, ada imenishinda, nilikula chapati na madondo kibandani. Hadi leo madondo yakinukia koo linaziba, na hayakunikosea kitu. Halafu kuna upande wa pili: hofu ya ghafla inaua hamu ya kula, lakini mawazo yakikukalia miezi mingi, homoni ya kotisoli inakusukuma kwenye sukari na mafuta. Ukijikuta unamaliza chipsi saa sita usiku na huna njaa, usijitukane bure.

Turudi kwa mzee. Mwaka 1928 mtoto wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Edward wa Nane, alikula chakula cha jioni pale shambani na akausifu mchuzi wa nyama ya nguruwe. Kwa kawaida Kamante hakujali sifa. Hiyo moja aliishika. Miezi mingi baadaye alimuuliza Karen kama mwana wa mfalme aliupenda kweli, na kama aliumaliza wote.

Lakini yeye mwenyewe hakuvitamani vyakula hivyo. Alionja kwa uso wa mashaka, halafu akarudi kwa mahindi yake na viazi vitamu. Wakati mwingine alimpelekea Karen kiazi cha kuchoma au kipande cha mafuta ya kondoo, zawadi kutoka kwa mtu anayejua utamu ni nini. Karen, kwenye kitabu chake, akaifananisha zawadi hiyo na mfupa ambao mbwa humletea mwenye nyumba. Nilisoma hapo nikafunga kitabu kwa siku mbili. Kiazi kile kilikuwa cha kwao, cha mama, cha moto wa jioni! Yeye aliona mbwa.

Shamba lilifilisika na Karen akaondoka 1931. Kamante alimtumia barua kupitia wale waandishi wa kulipwa waliokaa nje ya posta, akitaka kurudi kumfanyia kazi. Hakurudi. Karen alifariki 1962 akiwa amekonda vibaya, tumbo lake lilishafanyiwa upasuaji na chakula hakikai. Miaka kumi na mitatu baadaye, 1975, kikatoka kitabu chenye hadithi za Kamante mwenyewe na michoro yake, kilichotayarishwa na mpiga picha Peter Beard. Mzee alikuwa anaishi kule kule Ngong.

Aliaga dunia 1985, mwaka uleule filamu ya Out of Africa ilipotoka. Ukiitazama wikendi hii, achana kidogo na Robert Redford. Mwangalie yule kijana wa jikoni.