Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu aliyejifunza kuandika

Wiki mbili zimepita, mtoto wa dada yangu, anasoma darasa la sita hapa Bunia, alinifikia na kaye yake mkononi, macho mekundu. Mwalimu alikuwa amewapa redaksio ya Kifaransa: eleza likizo yako. Yeye akaandika kwamba alienda baharini pamoja na wazazi, wakaogelea, wakala barafu tamu, wakarudi jioni ndani ya gari ya baba. Alipata 4 juu ya 10. Sasa huyu mtoto hata Kasenyi hajafika kuona Ziwa Albert. Likizo nzima alikuwa Mudzipela, anamsaidia bibi yake kuuza ndizi. Nikamuuliza juu ya nini hakuandika mambo ya ndizi. Akanijibu kwamba mambo ya ndizi hayaandikwi kwa Kifaransa.

Hilo jibu sikulisahau. Ndiyo maana leo, wapenzi wasomaji, katika ukurasa wetu wa watu wa zamani, nawaletea maisha ya Stefano Kaoze. Wengi wanamjua kwa jambo moja tu: padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi zetu. Lakini mbele ya kuwa padri alikuwa mwanafunzi, na alipokuwa bado mwanafunzi aliandika kitu ambacho hakuna Mkongomani mwingine alikuwa amekifanya.

Alizaliwa karibu na mwaka 1886, katika milima ya Marungu, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Kwa wale wasiojua ile sehemu: ni mbali sana kusini mwetu, unapita Bukavu, unapita Uvira, unapita Kalemie, bado unaendelea. Kaoze alikuwa Mtabwa. Ile miaka ya utoto wake haikuwa mchezo. Vikundi vya wafanyabiashara ya watumwa vilikuwa vinazunguka kandokando ya Ziwa, vinachoma vijiji, vinachukua watu. Sisi wa Ituri hatuhitaji kuelezwa sana maana ya kukimbia usiku na kulala porini. Watoto wengi wanaosoma leo hapa mjini, wametoka Djugu ao Irumu kwa njia hiyohiyo.

Mwaka 1885 mapadri wanaoitwa Mapadri Weupe walifika Mpala, kwenye mwambao wa Ziwa, wakachukua ngome iliyojengwa na Mbelgiji mmoja, Émile Storms, miaka miwili mbele. Pale wakafungua misioni, na masomo yakafuata. Serikali wakati ule haikujishughulisha sana na kufundisha weusi, kazi ya masomo karibu yote ilikuwa mikononi mwa misioni. Kaoze alifika kwao akiwa kijana mdogo, mwisho wa ile karne. Mkubwa wao alikuwa Askofu Victor Roelens, Mbelgiji mwenye mkono mgumu, ambaye alikuwa na wazo ambalo wazungu wenzake wengi waliliona wazimu: kutoa mapadri kati ya watoto wa hapo.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye mambo.

Mtoto huyu alikuwa na lugha ngapi? Nyumbani Kitabwa. Misioni, Kiswahili. Mapadri wa sehemu ile walifundisha kwa Kiswahili, wakahubiri kwa Kiswahili. Kisha ikaja seminari ndogo, na huko ukaja Kilatini, halafu Kifaransa. Lugha nne. Mtu anaweza kusema masikini mtoto, kichwa kitapasuka. Lakini tazama mpangilio wake. Mapadri hawakuanza kwa kumtupa ndani ya Kifaransa kama mtu anayetupwa ndani ya mto. Alijifunza kwanza kusoma na kuandika katika lugha ambayo alikuwa anaisikia na kuisema kila siku. Alipofika kwenye lugha ya kigeni, ile kazi yenyewe ya kupanga mawazo juu ya karatasi ilikuwa imeshaingia mkononi.

Hapa kwetu sheria ya masomo inasema jambo karibu na hilo: miaka ya kwanza ya shule ya msingi ifundishwe katika lugha ya taifa, na katika Ituri ni Kiswahili. Iko wazi kabisa katika maandishi. Lakini wazazi wa mjini wanataka kusikia mtoto anasema bonjour tangu siku ya kwanza, la sivyo wanamtoa wanampeleka shule nyingine. Mimi pia ni mzazi, siwacheki.

Kitu kingine ni Kilatini. Siku hizi watu wanauliza Kilatini ilisaidia nini. Katika seminari ndogo za wakati ule, kazi kubwa ya mwanafunzi ilikuwa kutafsiri: unapewa kipande cha Kilatini unakiweka katika lugha nyingine, kesho unapewa kipande kingine unakirudisha katika Kilatini. Kila siku, miaka na miaka. Mwenye kutafsiri hawezi kudanganya. Neno likikuwa gumu, huwezi kuliruka na kuandika lingine lenye kupendeza, maana kilichoandikwa kiko mbele ya macho ya mwalimu. Ni lazima utafute neno lenyewe. Nadhani pale ndipo Kaoze alipata ile tabia ya kupima neno. Mwandishi wa habari akiipata hiyo tabia, kazi inakuwa nusu.

Baadaye seminari ilihamishiwa Lusaka. Si Lusaka ya Zambia, hii ni Lusaka nyingine, kijiji kilicho nyuma ya Ziwa, kwenye milima. Wengi kati ya wenzake wa mwanzo waliacha njiani. Mmoja anarudi nyumbani, mwingine anaoa, mwingine anakuwa katekista. Yeye akabaki, akaingia masomo ya filozofia.

Na sasa, mwaka 1910. Kongo ilikuwa imetoka mikononi mwa mfalme Léopold wa Pili na kuwa koloni ya Ubelgiji, miaka miwili tu. Kule Brussels gazeti jipya lilianzishwa, La Revue congolaise. Wenye kuandika ndani yake walikuwa wazungu, wakiwaeleza wazungu wenzao namna gani mtu mweusi anafikiri. Ndani ya gazeti hilohilo, kati ya 1910 na 1911, ikatoka kazi yenye jina La psychologie des Bantu. Mwandishi: Stefano Kaoze. Umri wake karibu miaka 24, mseminari, hajapata upadri bado. Wajuzi wa fasihi wanaihesabu kuwa maandishi ya kwanza ya Mkongomani kutoka kwa Kifaransa. Kupata kitabu cha hadithi kama Ngando ya Paul Lomami Tchibamba, watu walingoja mpaka 1948.

Aliandika nini? Hakuandika juu ya bahari. Aliandika juu ya watu wake: namna wanavyofikiri, namna wanavyoamua, wanachopenda, wanachoogopa. Ni mambo aliyoyaona utotoni na kuyasikia kwa wazee. Kifaransa chake kilikuwa kile cha mtu aliyejifunza kwa jasho, lakini alikuwa na kitu ambacho waandishi wote wa Brussels hawakuwa nacho: alikuwa anajua anachokisema. Mzungu aliyekaa miezi sita kandokando ya Ziwa aliweza kuandika kwamba mweusi hana mawazo ya ndani. Kaoze kwa kuandika tu, hata mbele ya kusomwa, alikuwa ameshajibu.

Nisidanganye hapa. Ukimsoma leo, kuna sehemu zinauma. Yeye alilelewa na mapadri tangu utoto, na mara nyingine anawatazama watu wake kwa miwani waliyomvalisha. Desturi fulani anazihukumu sawa vile mwalimu wake angezihukumu. Pia alijua wenye kumsoma ni akina nani. Wasomaji wengine wanamkasirikia kwa hilo. Mimi naona tofauti. Kijana yuko ndani ya nyumba ya watu, anakula chakula chao, biki na karatasi ni zao, hata gazeti ni lao. Kwamba ndani ya hali hiyo alichagua kusema juu ya Watabwa na si juu ya watakatifu wa Roma, hiyo peke yake ni kitu.

Upadri aliupata tarehe 21 Julai 1917, kule Baudouinville, ndiyo Kirungu ya Moba leo. Roelens mwenyewe ndiye alimwekea mikono. Tarehe 21 Julai ni sikukuu ya taifa ya Ubelgiji, na wakati ule Ubelgiji yenyewe ilikuwa imekaliwa na jeshi la Wadachi. Nilisema padri wa kwanza wa nyakati zetu kwa sababu ufalme wa Kongo, kule magharibi, ulishakuwa na mapadri wake karne nyingi mbele. Mtoto wa mfalme Afonso, Henrique, aliwekwa hata askofu mwaka 1518. Lakini ule mstari ulikuwa umekatika.

Mwaka 1920 Roelens alimpeleka Ulaya. Huko kila mtu alitaka kumwona padri mweusi, na ninafikiri kutazamwa vile kulimchosha. Akarudi, akafanya kazi ya parokia miaka mingi. Miaka ya 40 ikielekea mwisho, utawala wa koloni ulimwita kukaa katika Baraza la Serikali kule Léopoldville, kiti ambacho weusi hawakuwa nacho mbele yake.

Kuandika hakukuacha. Lakini ona alikorudi uzeeni. Hakuandika tena saikolojia ya Wabantu wote, hilo jina kubwa la ujana. Aliandika historia ya Bena Kilunga, watu wa upande wake wa Marungu: nani alitoka wapi, nani alimfuata nani kwenye uchifu, ukoo gani ulikaa mlima gani. Ni kazi isiyo na mapambo. Watafiti waliokuja nyuma kusoma historia ya Watabwa wanarudi kila mara kwenye ile karatasi yake.

Nimemsimulia mtoto wa dada habari hizi zote, nusu amesikiliza, nusu alikuwa anatazama simu yangu. Ila aliuliza swali moja: kama Kaoze alikuwa anakosea, nani alikuwa anamsahihisha? Nikamwambia mapadri. Akauliza tena: na mambo ya kwao, ambayo mapadri hawakuyajua, hayo nani alisahihisha? Sikupata jibu.

Mimi mwenyewe nilimaliza masomo ya sekondari bila kusikia jina la Kaoze darasani hata mara moja. Tulisoma Molière, tulisoma Victor Hugo. Maandiko yake yalikaa miaka mingi yametawanyika ndani ya magazeti ya zamani na makabati ya misioni. Yeye alifariki mwaka 1951 kule Albertville, Kalemie ya leo. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza cha inchi, kilifungua milango miaka mitatu baadaye.