Fridtjof Nansen, Mzee wa Barafu na wa Hati za Wakimbizi

Katika siku hii ya kumbukumbu ni haki tumtaje mtu ambaye kazi ya kuwahudumia wakimbizi kimataifa ilianzia mikononi mwake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa mkimbizi.

Nansen alizaliwa Norway tarehe 10 Oktoba 1861. Alisomea elimu ya wanyama, na mwaka 1888 akapata udaktari kwa uchunguzi wa mishipa ya fahamu. Mwaka huohuo, pamoja na wenzake watano, alivuka Greenland juu ya theluji. Walianzia mashariki kwa makusudi, ili wasiwe na mahali pa kurudi nyuma.

Mwaka 1893 alifanya jambo ambalo mabingwa wengi waliliona wazimu: aliiacha meli yake, Fram, igande katika barafu ya kaskazini ili mkondo wa bahari uisukume. Meli ilikuwa na tumbo la mviringo, hivyo barafu ilipobana, iliinuka badala ya kuvunjika. Machi 1895 alishuka na Hjalmar Johansen, wakasonga mbele na mbwa hadi nyuzi 86 na dakika 14, ambako hakuna mtu aliyejulikana kufika kabla yao. Wakati wa kurudi walikaa msimu mzima wa baridi katika kibanda cha mawe, wakila nyama ya dubu. Walifika kwao Agosti 1896.

Mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa lilimteua Kamishna Mkuu wa wakimbizi wa Urusi. Wengi walikuwa wamevuliwa uraia. Kila mpaka waliulizwa hati, na hati hawana. Sisi wa kambini hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1922 alipata kibali cha hati iliyoitwa pasipoti ya Nansen, na baadaye serikali zaidi ya 50 ziliitambua. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Tusiipambe mno. Hati ile peke yake haikumpa mtu haki ya kurudi katika nchi iliyoitoa. Na alipowaombea Waarmenia mkopo wa kupata makao, mataifa yalimnyima.

Alifariki tarehe 13 Mei 1930. Hati zake ziliendelea kutolewa. Wenye uwezo walilipia stempu ya faranga 5 za dhahabu, na fedha hiyo ikawasaidia wakimbizi wasio na kitu.