HENRY DUNANT: MFANYABIASHARA ALIYEIWEKA KANDO BIASHARA YAKE

Akina mama wenzetu, katika kijitabu hiki cha miaka kumi tumeandika habari za hisa, mikopo na marejesho. Ni vizuri. Lakini fedha ina swali moja lisiloonekana katika daftari la mweka hazina: tunaitafuta ili iweje? Kwa ajili ya swali hilo tumewaletea maisha ya mtu ambaye alama ya kazi yake sote tunaifahamu, ule Msalaba Mwekundu, ingawa jina lake wengi hatulijui.

Henry Dunant alizaliwa Geneva, Uswisi, tarehe 8 Mei 1828, katika nyumba ya watu wenye uwezo na wacha Mungu. Tangu ujana wake alikuwa akiwatembelea maskini na wafungwa. Hata hivyo alipenda pia ukubwa. Alianzisha kampuni ya kusaga nafaka huko Algeria, wakati huo koloni la Ufaransa, akachukua fedha za ndugu na marafiki waliomwamini. Kampuni ikakwama kwa kukosa kibali cha ardhi na maji. Dunant akaona dawa ni kumwendea Mfalme Napoleon wa Tatu mwenyewe. Akamwandikia kitabu kizima cha kumsifu, kisha akafunga safari hadi Italia, ambako mfalme alikuwa akipigana na Waaustria.

Alifika mji mdogo wa Castiglione mwezi Juni 1859. Tarehe 24, jirani na hapo, mahali paitwapo Solferino, majeshi yalikutana. Kwa siku moja tu watu wapatao 40,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Majeruhi wakaletwa Castiglione kwa maelfu, wakalazwa makanisani na barabarani. Madaktari wachache, maji ya shida, vitambaa vya kufungia vidonda hakuna.

Hapo ndipo wanawake wa mji ule walipojitokeza. Walibeba maji, walipika supu, waliosha vidonda. Hawakuuliza huyu Mfaransa au yule Mwaustria, wote walikuwa watoto wa mama zao. Dunant akaingia kazini pamoja nao, akasaidia kupanga zamu na kununua mahitaji kwa fedha zake. Ile habari ya kibali ikabaki kando.

Aliporudi nyumbani hakuweza kunyamaza. Mwaka 1862 alichapisha kwa gharama yake kitabu kuhusu aliyoyaona, nakala 1,600, akashauri mambo mawili. Kwanza, kila nchi iwe na watu wa kujitolea waliofundishwa mapema, kabla vita haijaja. Pili, mataifa yakubaliane kwamba majeruhi na wanaowauguza wasiguswe. Mwaka 1863 watu watano wa Geneva, yeye akiwemo, waliunda kamati iliyokuja kuwa Msalaba Mwekundu. Tarehe 22 Agosti 1864 nchi 12 zikatia sahihi Mkataba wa Geneva.

Lakini jamani, moyo mwema haulipi deni. Wakati Dunant akizunguka kwa wakubwa wa Ulaya, biashara yake ilikuwa inaoza. Mwaka 1867 alifilisika, na watu waliomwamini wakapoteza fedha zao. Alitoka katika kamati, akaondoka Geneva, wala hakurudi tena. Aliishi miaka mingi kwa dhiki, mara nyingine bila mahali pa kulala. Mwaka 1887 alifika kijiji cha Heiden, na tangu 1892 akaishi katika chumba cha hospitali ya hapo. Wengi walidhani amekwisha kufa, mpaka mwandishi mmoja wa gazeti alipomkuta mwaka 1895 na kuitangaza habari yake.

Mwaka 1901 Tuzo ya Amani ya Nobel ilitolewa kwa mara ya kwanza, akaipata pamoja na Mfaransa Frédéric Passy. Sasa alikuwa na fedha. Hakuhama chumba chake, wala hakujinunulia fahari. Katika wosia wake aliacha fedha za kitanda cha bure kwa mgonjwa maskini hapo Heiden. Alifariki tarehe 30 Oktoba 1910, akazikwa Zürich bila sherehe, kama alivyotaka.

Tunajifunza nini? Alipomfuata mfalme kwa ajili ya ukubwa wake, hakuona faida. Alipoinama kumnywesha maji mtu asiyemjua, ndipo maisha yake yakapata maana, na hadi leo siku aliyozaliwa ni Siku ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu duniani. Wale akina mama wa Castiglione wengi wao hawajulikani hata majina, lakini bila mikono yao Dunant asingekuwa na la kuandika.

Basi sisi tushike yote mawili. Marejesho yalipwe kwa wakati, maana fedha ya mwenzako ni jasho lake. Na mwenzetu akianguka, iwe ugonjwa au msiba, tufike kwanza, mambo ya nani mwenyekiti na nani atatajwa yaje baadaye.