Herufi Kubwa katika Vyeo: Maisha ya Idi Amin

Idi Amin alikuwa Mkakwa, na ukoo wa baba yake ulitoka Koboko, kaskazini mwa Arua. Mwaka 1946 aliingia jeshi la kikoloni akiwa msaidizi wa mpishi, kisha akapanda hadi kuwa ofisa. Tarehe 25 Januari 1971, Meja Jenerali Amin alimpindua Rais Milton Obote. Mwaka 1973 alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Vyeo vyake viliongezeka: Jenerali, Alhaji, Fildi Marshali, na mwaka 1976 Rais wa Maisha.

Katika barua rasmi, cheo kinachotangulia jina la mtu huanza kwa herufi kubwa, kwa kuwa kimeungana na jina hilo. Kikitaja kazi tu, huandikwa kwa herufi ndogo: rais, jenerali. Herufi kubwa hutambulisha nomino ya pekee. Haipimi utukufu wala haki. Chini ya rais huyu mwenye vyeo vingi, makumi ya maelfu ya watu waliuawa.

Aprili 1979 Amin aling'olewa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Baadaye wakazi wengi wa Arua na Koboko, wasio na cheo chochote, walilipiziwa kisasi, wakakimbilia Sudan na Zaire. Amin alifariki Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 16 Agosti 2003.

Majina ya wakimbizi hao nayo, kwa kanuni ileile, huanza kwa herufi kubwa.