Jomo Kenyatta: Jina la Mtu na Lugha ya Bunge

Jomo Kenyatta alizaliwa akiitwa Kamau wa Ngengi. Alipobatizwa mwaka 1914 alijichagulia jina la Johnstone. Kitabu chake cha mwaka 1938 alikitoa kwa jina la Jomo Kenyatta. Majina hayo aliyabadili kwa hiari yake. Lugha ya Bunge ilihitaji zaidi ya hiari. Mwezi Julai 1974, akiwa Rais wa Kenya, aliagiza kwamba mijadala ya Bunge iendeshwe kwa Kiswahili. Hata hivyo, miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na wabunge wakalazimika kuijadili kwa lugha nyingine. Alifariki mwaka 1978. Mwaka uliofuata Katiba ilirekebishwa, Kiingereza kikarejea mijadalani sambamba na Kiswahili. Jina alilojipa lilidumu. Agizo lake, lisiloigusa lugha ya sheria, halikudumu.